Tai_88 si lazima awe amezaliwa 1988

Ukikutana na jina kama tai_88 mtandaoni, ni rahisi kuanza kupiga ramli: huyu amezaliwa 1988, anajiona mbabe, hapendi kutajwa kwa jina lake halisi. Ramli nyingi za aina hii huanguka. Jina la mtandaoni hutungwa na wawili, mtu mwenyewe na mfumo anaojisajilia, na mara nyingi mfumo ndio wenye sauti kubwa zaidi.

"Tarakimu za mwishoni ni mwaka wa kuzaliwa." Zipo ambazo ni hivyo. Lakini chukua hiyo 88 peke yake. Wanaowasiliana kwa redio kama burudani huiandika mwishoni mwa mazungumzo wakimaanisha "upendo na mabusu". Wachina huiona 8 kuwa namba ya bahati, tena katika gumzo la mtandaoni huandika 88 kuagana, kwa kuwa matamshi yake kwao yanakaribia "bai bai". Wanazi mamboleo nao wameiteka: H ni herufi ya nane katika alfabeti, na H mbili kwao ni salamu ya Hitler. Hivyo mtu aliyeweka mwaka wake wa kuzaliwa bila hila yoyote anaweza kutazamwa kwa jicho baya na watu asiowajua. Sababu ya kawaida kuliko zote haina siri hata kidogo: "tai" lilikwisha kuchukuliwa, mfumo ukapendekeza namba, mwenyewe akachoka kubishana nao.

"Yale mapambo ni utoto tu." Mistari ya chini, herufi x mbilimbili kila upande, 3 badala ya E: wengi hucheka. Utoto umo, sikatai. Ila chanzo kikubwa ni uhaba. Mahali ambapo jina moja haliruhusiwi kumilikiwa na watu wawili, aliyetangulia hupata neno safi na waliochelewa hulipamba walau lipite. Nafasi yenyewe pia ni finyu. Kompyuta za zamani zilizotumia mfumo wa Unix zilikubali jina la kuingilia la herufi 8. Kanuni za IRC, mfumo wa gumzo uliobuniwa Finland mwaka 1988, zilipoandikwa rasmi mwaka 1993 ziliweka kikomo cha herufi 9. Twitter, ambayo sasa inaitwa X, iliweka 15, na imebaki nazo. Ukibanwa hivyo, kukata irabu na kutumia 2 mahali pa neno zima ni lazima, wala si mbwembwe.

Kuna kisa kimoja cha IRC ninachokipenda sana. Mabano ya mraba yaliyojaa kwenye majina ya huko yaliruhusiwa kwa sababu kompyuta za Wafini za wakati ule zilitumia nafasi za alama hizo kuandika herufi zao, kama Ä na Å. Ndiyo maana mfumo ulihesabu mabano ya mawimbi kuwa herufi ndogo za mabano ya mraba, na tai[] na tai{} wakawa mtu mmoja. Vijana wa nchi nyingine walidhani wamebuni mtindo.

"Lakabu ni mambo ya intaneti." Hapana. Waendesha telegrafu wa karne ya 19 walitambulishana kwa herufi moja au mbili, na hawakuwa na muda wa kutuma zaidi.

"Ukitumia jina la kubuni, hakuna atakayekujua." Dhana hii ndiyo imewaponza wengi. Jina la kubuni likiwa la ajabu, halifanani na jingine lolote, ndivyo linavyokutambulisha zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa taasisi ya INRIA ya Ufaransa walichunguza mamilioni ya majina ya watumiaji wakaonyesha kwamba jina adimu linaweza kuunganisha akaunti za mtu mmoja katika huduma tofauti, hata akilibadilisha kidogo.

Mwaka huohuo Mmarekani Ross Ulbricht, mwanzilishi wa soko haramu la mtandaoni la Silk Road, alikuwa akijifichua kwa njia hiyohiyo. Mtu aliyejiita altoid alilitaja soko hilo mtandaoni kana kwamba amelikuta njiani. Miezi kadhaa baadaye altoid huyohuyo alitangaza kwamba anatafuta mtaalamu wa kompyuta, akaweka anwani ya barua pepe yenye jina kamili la Ulbricht. Mpelelezi wa mamlaka ya kodi ya Marekani aliyaunganisha hayo mawili kwa kutafuta tu kwenye Google. Ulbricht alikamatwa Oktoba 2013. Mwanzilishi wa bitcoin, Satoshi Nakamoto, hajulikani tangu 2008, ilhali alijipa jina la kawaida tu la Kijapani. Inaelekea kilichomficha ni kutolitumia nje ya mambo ya bitcoin.

"Watu wakilazimishwa kutumia majina halisi, matusi yatakwisha." Korea Kusini ilijaribu. Kuanzia 2007 tovuti kubwa zililazimika kuthibitisha kila anayeandika ni nani. Mwaka 2011 wadukuzi wakaiba taarifa za watumiaji takriban milioni 35 wa mitandao miwili ya huko, katika nchi yenye watu kama milioni 50. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria, ikisema maandishi haramu hayakupungua kwa kiwango cha maana. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, nayo ilianza mwaka 2011 kwa kudai majina halisi, na mwaka 2014 ikasalimu amri.

"Jina nililolisajili ni langu milele." Ni lako kwa kadiri mwenye mfumo atakavyotaka. Mwaka 2013 Yahoo iliachilia majina ya akaunti ambazo hazikuguswa kwa mwaka mmoja, wengine wakayachukua, na baadhi ya wamiliki wapya wakaanza kupokea barua pepe za wamiliki wa zamani. Kama una jina la zamani ulilolitelekeza, na bado ndilo linalopokea viungo vya kubadilisha nywila za akaunti zako nyingine, ingia leo uzihamishe kwanza.