Kifungo cha maisha si miaka 20

Kwenye baraza za Kisauni na Majengo, Mombasa, utasikia kwamba gerezani mchana ni siku moja na usiku siku nyingine, na kwamba "maisha" humalizika ukitimiza miaka 20. Hakuna sheria ya Kenya inayosema hivyo.

Imani hii huenda imetokana na punguzo la theluthi. Sheria ya Magereza humpunguzia mfungwa mwenye nidhamu theluthi moja ya adhabu: aliyepewa miaka 30 hutoka baada ya 20. Lakini sheria hiyo hiyo inamtoa mfungwa wa maisha katika hesabu. Na theluthi ya kitu kisicho na mwisho ni ngapi, hata hivyo? Ndiyo maana jamaa wanaosubiri nje ya gereza la Shimo la Tewa mwaka wa 20 hurudi mikono mitupu.

Milango mikuu ya kutoka ni miwili. Wa kwanza ni rufaa, mahakama ikibadilisha kifungo cha maisha kuwa cha idadi maalumu ya miaka. Hapo theluthi huanza kufanya kazi. Wa pili ni huruma ya Rais, kifungu cha 133 cha Katiba ya 2010. Ombi hupitia kamati ya ushauri inayoongozwa na Mwanasheria Mkuu, ambayo yaweza kuzingatia maoni ya waathiriwa. Mtu yeyote anaweza kuomba kwa niaba ya mfungwa, kwa hiyo usimlipe dalali. Rais anaweza kusamehe, kwa masharti au bila, au kuweka adhabu nyepesi zaidi.