Shamba la Nabothi kwenye shuka jeupe

Nafundisha Agano la Kale katika chuo kidogo cha wainjilisti hapa Pwani ya Kenya. Swali ninaloulizwa zaidi, na wanafunzi, na mashemasi, hata na akina mama wa ushirika, ni hili: "Mwalimu, nikitaka kuelewa imani inakutana wapi na siasa na haki ya mnyonge, nianze na kitabu gani?" Zamani nilikuwa natoa orodha ndefu ya vitabu ambavyo wengi wao hawana pa kuvipata. Siku hizi nataja sura moja ya Biblia, mahubiri ya askofu mmoja na filamu moja, na nasisitiza vifuatane kwa mpangilio huo.

Sura yenyewe ni 1 Wafalme 21. Wengi tunaikumbuka tangu shule ya Jumapili kama hadithi ya mfalme mwenye tamaa, na hapo ndipo tunapoipoteza. Isome polepole kama mtu anayesoma hati ya shamba. Ahabu anataka shamba la mizabibu la Nabothi ili alifanye bustani ya mboga, kwa sababu liko karibu na nyumba yake. Anaahidi shamba jingine zuri zaidi kwa kubadilishana, au fedha kwa bei ya haki. Nabothi anakataa, maana ardhi ile ni urithi wa baba zake na si yake kuiuza. Mfalme anarudi nyumbani, anajilaza, anageuzia watu uso, hataki chakula.

Sasa angalia Yezebeli anafanya nini. Hatumi askari. Anaandika nyaraka kwa jina la mfalme, anazipiga muhuri, anazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji wa Nabothi mwenyewe. Inapigwa mbiu ya kufunga. Nabothi anakalishwa mbele ya watu, mashahidi wawili wa uongo wanasimama na kusema amemtukana Mungu na mfalme. Wanamtoa nje ya mji, wanampiga mawe. Kila hatua ina sura ya sheria na sura ya dini: kuna barua, kuna muhuri, kuna mfungo, kuna mashahidi wawili kama torati inavyotaka. Shamba limenyang'anywa kwa ibada. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba asiyeliona hilo katika sura hii hataliona katika kata yake.

Kutoka hapo nawapeleka kwa David Gitari. Aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Kianglikana wa Mlima Kenya Mashariki mwaka 1975, akawa Askofu Mkuu wa Kenya kuanzia 1997 hadi 2002. Mahubiri yake yamekusanywa katika kitabu kilichotoka mwaka 1996, In Season and Out of Season, jina lililochukuliwa kwenye agizo la Paulo kwa Timotheo: lihubiri neno, wakati ukufaao na wakati usiokufaa. Ukitegemea kukuta humo matusi kwa serikali, utashangaa. Ni mafundisho ya Biblia, mstari baada ya mstari, ya mtu anayemheshimu msikilizaji wake.

Mwaka 1987 alihubiri Nyeri juu ya Danieli sura ya 6. Maofisa wenye wivu wanamshawishi mfalme atie sahihi sheria ya haraka haraka ili wamnase mtu mmoja mwaminifu, kisha mfalme anajikuta amefungwa na sahihi yake mwenyewe. Ilikuwa zama ambazo katiba ya Kenya ilikuwa ikirekebishwa bila wananchi kuulizwa, na uchaguzi wa mlolongo ulikuwa unakuja. Huo mlolongo vijana wa leo hawaujui: katika mchujo wa KANU, chama pekee cha siasa wakati huo, wa 1988 wapigakura walipanga foleni nyuma ya mgombea wao, hadharani, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Gitari hakuhitaji kumtaja waziri yeyote. Waliohusika walijitambua wenyewe ndani ya Danieli, wakamshambulia.

Na mashambulizi hayakuishia kwenye maneno. Aprili 1989 genge lenye silaha lilivamia nyumba yake usiku. Akapanda juu ya paa, akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Mwaka uliofuata Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa hadharani na waziri mmoja kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda. Alikufa katika ajali ya barabarani akirudi, tarehe 14 Agosti 1990. Nikifika kwenye tarehe hiyo darasani huwa nanyamaza kidogo, si kwa mbinu ya kufundisha, ni kwamba bado inaniuma.

Gitari alilitumia shamba la Nabothi pia, katika miaka ambayo unyakuzi wa ardhi ya umma ulikuwa umeota mizizi. Ndiyo maana namchagua yeye kwanza, ingawa wako wengine wanaostahili. Askofu Henry Okullu, aliyewahi kuhariri gazeti la Kikristo la Target, lililokuwa na ndugu yake wa Kiswahili, Lengo, aliandika Church and Politics in East Africa mwaka 1974, na ni kitabu kizuri chenye hoja zilizopangika. Mwalimu Nyerere naye, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970, aliwaambia waziwazi kwamba Kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowafunga watu kwenye umaskini litakuwa halina maana tena kwao. Lakini hoja hukaa kichwani. Mahubiri ya Gitari hukaa na mtu shambani, kwa sababu yamebebwa na hadithi ambayo bibi yake anaijua.

Hapa daima mtu mmoja hunyosha mkono na Warumi 13. "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu." Simlaumu, kafundishwa hivyo. Namsomea jinsi wachungaji na wanateolojia wa Afrika Kusini walivyoijibu Septemba 1985, katikati ya hali ya hatari, katika Waraka wa Kairos uliozaliwa Soweto. Walisema Paulo hakuwa anaandika kuhusu dola dhalimu, na kwamba Biblia hiyohiyo ina Ufunuo 13, ambako dola imekuwa mnyama. Ila sehemu ya waraka ule inayochoma zaidi haiigusi serikali. Inaligusa kanisa lenyewe, lile linalohubiri upatanisho kabla haki haijatendeka. Wachungaji wanaosoma waraka huu kwangu huwa wepesi kupitia sehemu ya kwanza na wazito sana kwenye hii ya pili.

Basi, filamu. The Letter ilitoka mwaka 2019, ni kazi ya Maia Lekow na Christopher King, na imepigwa hapa kwetu Kilifi. Kijana anayeishi mjini anasikia kwamba bibi yake, yaani nyanya yake, kijijini ametajwa Facebook kuwa mchawi. Anarudi nyumbani kutafuta ukweli, na tunamfuata ndani ya familia iliyogawanyika, ndani ya maombi ya kufukuza mapepo, na polepole tunaona kinachozungumziwa chini ya neno uchawi ni ardhi.

Kuielewa filamu hii lazima ujue kilichotangulia. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki kwa ukanda wa Pwani. Wenye kujua kuandikisha waliandikisha, na Wamijikenda wengi wakabaki maskwota juu ya udongo wa mababu zao. Kwa hiyo kipande kilichobaki mikononi mwa mzee kina thamani kubwa mno, na mzee akichelewa kufa kuna watu wanahesabu miaka. Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Kaya Godoma, huko Ganze, imekuwa makimbilio ya waliofukuzwa na watoto wao wenyewe.

Tuliionyesha kwenye ukumbi wa kanisa moja la kijijini. Tulifunga shuka jeupe ukutani, jenereta likanguruma nje chini ya mwembe. Kwanza tulisoma 1 Wafalme 21 yote kwa sauti, wakipokezana. Bibi alipotokea kwenye shuka, anashughulika na kazi zake za shamba kana kwamba hakuna lililosemwa juu yake, ukumbi ulinyamaza. Benchi la mbele alikaa mzee aliyevua kofia akaipakata. Nywele zake zilikuwa nyeusi tii, lakini juu ya masikio, kwenye mizizi, mvi zilianza kuchungulia. Alikuwa ametia piko. Wazee wengi huku hutia piko, na si kwa urembo: mvi zinaweza kumuua mtu.

Filamu ilipoisha, mwinjilisti kijana alisema jambo ambalo sikuwa nimelifundisha. Alisema katika Biblia Yezebeli aliitisha mfungo, na sisi tunaitisha mkesha. Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe anaongoza mikesha.

Nina neno la kulalamikia kazi hizi. Filamu inakupa uso na udongo lakini haina muda wa kukufungulia Andiko, kwa hiyo mtazamaji asiye na sura ile ya Wafalme anaweza kutoka akidhani tatizo ni dini tu, aitupe yote. Kitabu cha Gitari kinakupa Andiko, lakini ni sauti ya askofu akiwa mimbarini. Waliokaa kwenye viti hawasikiki, na hasa wanawake.

Na ndiko alikonipeleka mama mmoja pale ukumbini. Aliuliza: Nabothi alipokufa, kwa nini shamba halikwenda kwa wanawe? Nikawafungulia 2 Wafalme 9:26, mstari ambao wahubiri wengi hawaufikii, unaotaja damu ya Nabothi na damu ya wanawe. Warithi nao waliuawa. Ndiyo maana mfalme aliingia shambani bila kesi. Mama akaufuata mstari kwa kidole mpaka mwisho.

"Na mama yao je?"

Nikatafuta. Hajaandikwa.

Kikao kilichofuata nilibadilisha ratiba, nikaleta Taking Root, filamu ya 2008 kuhusu Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira na haki nchini Kenya. Humo wamo akina mama wa wafungwa wa kisiasa, waliokaa Uhuru Park mwishoni mwa Februari 1992, hawali, wakidai wana wao. Siku chache baadaye polisi waliwavamia kwa virungu na gesi, na baadhi yao wakavua nguo, laana nzito kuliko zote ambayo mama anaweza kumwonyesha kijana wa kiume. Kisha wakakimbilia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, ng'ambo ya barabara, wakalala katika chumba cha chini kwa karibu mwaka mzima, mpaka mapema 1993 karibu wana wote wakawa wameachiwa.

Yule mama aliomba turudishe nyuma sehemu ya akina mama wale. Tukairudisha mara mbili.