Steroidi za Kuvuta kwa Mtoto Mwenye Pumu: Zipunguzwe Lini?

"Daktari, mwanangu atavuta dawa hii mpaka lini?" Wazazi huniuliza hivi karibu kila siku, na wana haki. Nasi hatutaki mtoto avute steroidi zaidi ya anazohitaji. Ninachokiogopa ni mzazi kuona kikohozi kimekwisha, akaifungia pampu kabatini bila kumwambia mtu.

Kikohozi kimekwisha kwa sababu dawa imetuliza uvimbe kwenye njia za hewa. Ukiikatisha, uvimbe hurudi kimyakimya, kisha mafua ya kawaida tu humkimbiza mtoto hospitali usiku wa manane. Huko atapewa prednisolone, steroidi ya kumeza. Kidonge chake cha miligramu 5 ni mikrogramu 5,000, tena huzunguka mwili mzima. Pampu za watoto kwa kawaida hutoa mikrogramu 50 hadi 200 kila mvuto. Nguvu za dawa hizi hazilingani, lakini pengo ni kubwa mno.

Hofu ya kimo nayo ina msingi. Katika utafiti mmoja wa Marekani, watoto waliovuta budesonide, mojawapo ya steroidi za kuvuta, kila siku kwa miaka 4 hadi 6 walikuja kuwa wafupi ukubwani kwa wastani wa sentimita 1.2 kuliko waliopewa dawa bandia. Ndiyo maana tunawapima urefu, na ndiyo maana tunapunguza.

Tunapunguza mtoto akiwa ametulia miezi 3 hivi: hakohoi usiku, anacheza bila kubanwa kifua, pampu ya dharura haiguswi zaidi ya mara mbili kwa wiki. Dozi hushushwa kwa robo hadi nusu, kisha tunasubiri miezi mingine 3. Hatushushi akiwa na mafua, akiwa safarini au msimu wa chavua inayomsumbua.

Kabla ya hapo, mwambie avute mbele yangu. Mara nyingi dawa huishia ulimini. Akitumia spesa, kile chombo cha plastiki kinachoungwa kwenye pampu, nyingi zaidi hufika mapafuni. Kama mzio wake ni wa utitiri wa vumbi, fua mashuka kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Na asivutiwe sigara ndani.

Wenye pumu kali ya mzio, kuanzia miaka 6, wanaweza kuchomwa omalizumab, sindano ya kuzuia mzio, kila wiki 2 au 4. Baadhi yao hushuka dozi kwa njia hiyo.

Kikohozi cha usiku kikirudi baada ya kupunguza, tupigie simu siku hiyohiyo tumrudishe kwenye dozi ya awali.