Kwa nini roki ya mwanzo ya Wacheki imejaa jazi na okestra?

Mtu akitaja roki ya miaka ya 1970, ile ya vipande virefu inayoitwa progresivu, majina yanayokuja haraka ni ya Waingereza. Lakini Prague, mji mkuu wa iliyokuwa Chekoslovakia, nako vijana walikuwa wakipika chungu chao. Sikiliza santuri ya Coniunctio ya mwaka 1970. Kipande cha kwanza kinapita robo saa na kukaribia kumaliza upande mzima. Gitaa la Radim Hladík linanguruma kiroki hasa, mara filimbi na saksafoni za Jiří Stivín zinaingia na kuvuruga mapigo, kila mtu anashika njia yake, kisha wanakutana tena. Hizo ni bendi mbili kwenye santuri moja: Blue Effect ya roki na Jazz Q ya jazi. Kipande kingine kinaitwa, kwa Kiswahili chetu, “Kumtembelea shangazi Markéta na kunywa kikombe cha chai”. Msitafute maana.

Mchanganyiko huo ulitokana na nini? Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: wote walikuwa chini ya dari moja. Kampuni za santuri zilikuwa chini ya udhibiti wa serikali, Supraphon na Panton huko Prague, na Opus upande wa Slovakia. Ukitaka kurekodi, mlango ni huo, na mpiga jazi naye anapitia huo huo. Isitoshe, nchi ilikuwa na shule nyingi za umma za sanaa, kwa hiyo mtoto aliyeshika gitaa la umeme huenda alishafundishwa kusoma nota kabla hajasikia roki.

Sababu ya pili ni siasa. Blue Effect ilianzishwa mwaka 1968, mwaka ambao Chekoslovakia ilijaribu kulegeza kamba za ukomunisti. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti, vifaru vya Umoja wa Kisovyeti na washirika wake viliingia nchini. Miaka iliyofuata kuimba Kiingereza kukawa kunatazamwa kwa jicho baya, na hata jina la Kiingereza likawa tatizo: Blue Effect ikageuka Modrý Efekt, baadaye M. Efekt. Muziki wa ala tupu ulikuwa salama zaidi, maana mkaguzi atafuta mstari gani pasipo na maneno?

Nisikuze mambo, lakini. Blue Effect ilibaki bila maneno pia kwa sababu nyepesi tu: mwimbaji wake, Vladimír Mišík, aliondoka akajiunga na bendi ya Flamengo. Pengo lake likazibwa na gitaa. Hilo linasikika wazi kwenye Nová syntéza ya 1971, ambako bendi ilipiga pamoja na okestra ya jazi ya redio ya taifa chini ya Kamil Hála. Matarumbeta na matromboni yanasukuma kwa pamoja, kisha yananyamaza na kumwachia Hladík aimbe kwa nyuzi. Na nadhani kulikuwa na ujanja humo: ni vigumu kuuita uhuni muziki unaopigwa na waajiriwa wa redio ya serikali.

Huko Flamengo, Mišík naye alipata kinga ya aina yake. Mashairi ya santuri yao ya 1972, Kuře v hodinkách, yaliandikwa na Josef Kainar, mshairi mwenye jina kubwa aliyekubalika kwa wakubwa.

Bratislava, kwa Waslovakia, kiungo kikuu kilikuwa muziki wa kiklasiki. Marián Varga wa bendi ya Collegium Musicum, aliyepitia konsavatori, yaani chuo cha muziki, aliichukua konseto ya mtunzi Haydn akaipiga kwa ogani ya umeme. Kwenye santuri ya Konvergencie ya 1971 akaingiza simulizi za Alfu Lela Ulela kupitia muziki wa Mrusi Rimsky-Korsakov.

Si wote waliopata nafasi hiyo. Bendi ya The Plastic People of the Universe walinyang'anywa kibali cha kupiga muziki kama wataalamu, na mwaka 1976 baadhi yao wakafungwa. Wengine walijificha nyuma ya neno jazi. Ndani ya chama cha wanamuziki kulikuwa na Kitengo cha Jazi, kilichoanzishwa mwaka 1971, na tamasha lake, Siku za Jazi za Prague, lilipokea bendi za roki kwa jina la jazi-roki. Wakubwa walichukua miaka kadhaa kushtuka. Tamasha la 1980 wakalipiga marufuku, na mwaka 1987 wakawahukumu viongozi wa kitengo hicho, si kwa kosa la muziki, bali kwa kufanya biashara bila kibali.