Lava za Sekenke na risasi isiyo ya bunduki

Wapasua kokoto wa huku Dodoma wanakoka moto juu ya graniti, kisha wanashusha nyundo, na jiwe linabanduka maganda kama kitunguu. Mzee mmoja aliniuliza jiwe lake lina cheti cha kuzaliwa au mimi nakisia tu. Nikamjibu, cheti kipo, mzee wangu, ila ni kidogo kuliko punje ya chumvi.

Kinaitwa zirkoni, punje ya madini iliyomo ndani ya jiwe. Inapoganda ndani ya uji wa mwamba, punje hii huipokea urani na kuikataa risasi (metali, si ya bunduki). Kwa hiyo risasi tunayoikuta humo leo karibu yote imezaliwa humo humo. Urani ina aina mbili: nusu ya urani 238 hugeuka risasi kwa miaka bilioni 4.47, ya urani 235 kwa miaka milioni 704. Saa mbili ndani ya punje moja. Zikikubaliana, naandika umri. Zikipishana, mara nyingi risasi imevuja, na hapo kazi inaanza upya.

Graniti ni rahisi. Kinachoninyima usingizi ni lava nyeusi (basalti) za Iramba-Sekenke, mkoani Singida, kule kwenye dhahabu. Basalti kwa kawaida haizai zirkoni, na ukiikuta, huenda ni abiria aliyedandia kutoka mwamba mkongwe zaidi. Ukisoma umri wa abiria ukadhani ni wa basi, umekwisha. Ndiyo maana kwa basalti tunasaga mawe mazima, kadhaa ya chimbuko moja, na kupima metali iitwayo samari inavyogeuka metali nyingine, neodimi; nusu yake huchukua miaka bilioni 106. Vipimo vikijipanga kwenye mstari, mwinuko wa mstari ndio umri. Lava hizo zina takriban miaka bilioni 2.7.

Umri haukwambii lava ilitokea wapi. Hapo ndipo kemia inaingia, na hapo ndipo wanafunzi wangu huteleza: wanakimbilia potasiamu na sodiamu kwa kuwa ni rahisi kupima. Hizo maji ya moto yalishazihamisha zamani! Mimi naanza na niobi na thori, metali adimu ambazo hazihamihami ovyo. Sakafu ya bahari inapozama chini ya bamba jingine (kipande kikubwa cha ganda la dunia), maji na uji vinavyotoka humo hupandisha thori na metali nyingine, lanthani, lakini niobi hubaki chini. Lava inayozaliwa juu yake huwa na upungufu wa niobi, na upungufu huo ndio wengi huuita saini ya kuzama kwa bamba.

Saini hiyo inaghushika. Lava iliyopanda kawaida tu, ikameza ganda kongwe la bara njiani, huonyesha upungufu ule ule. Kwa hiyo naiuliza neodimi: ganda kongwe huacha alama yake humo, na kadiri lava ilivyomeza zaidi, ndivyo alama inavyozidi pamoja na silika (kiini cha mchanga na graniti). Bila kipimo hicho, grafu ya niobi peke yake sisaini.

Kwenye miamba ya Usagara, kusini-mashariki ya kratoni yetu (kiini kikongwe cha bara), mabishano juu ya kuzama kwa bamba ni mafupi. Kuna eklojaiti za miaka bilioni 2: basalti iliyoshuka zaidi ya kilomita 50, ikakamuliwa hadi ikaota garneti (madini mekundu), kisha ikarudi juu. Lava za Sekenke hazikuwahi kushuka hivyo, ndiyo maana tunahangaika na niobi.