Mtoto kachanjwa, neti ya nini?

Huku kandokando ya ziwa si ajabu kukuta neti imezungushiwa sukuma wiki. Tangu chanjo ya malaria ifike, kisingizio nacho kimepatikana: "Mtoto keshachanjwa." Dhana hii naiogopa kuliko zote, maana ina chembe ya ukweli.

Chanjo ya RTS,S, iliyoanza kutolewa Kenya Septemba 2019 huko Ndhiwa, Homa Bay, hupunguza malaria, haiimalizi. Katika majaribio yaliyofanywa nchi 7 za Afrika, vituo vya Kombewa na Siaya hapa Kenya vikiwemo, dozi 4 zilipunguza visa vya malaria kwa takriban asilimia 36 ndani ya miaka 4. Mbona haizuii kama ya surua? Kimelea cha malaria kina jeni zaidi ya 5,000, na hubadili sura. Mbu akiuma, huingia kwa umbo moja na kukimbilia ini. Hujificha humo wiki moja hivi, kikazaana, kisha kizazi kipya hutoka na umbo jingine kuvamia chembe nyekundu za damu. Chanjo huufundisha mwili kuitambua ile sura ya kwanza tu. Kikiponyoka kimelea kimoja, mlinzi wa langoni hana habari na kinachoendelea sebuleni.

"Basi haina maana." Ina maana sana. Ilipotolewa kwa majaribio Kenya, Ghana na Malawi, vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vilipungua asilimia 13.

"Inampa mtoto malaria." Hakuna kimelea ndani ya chupa ile, ni kipande cha protini yake tu. Joto baada ya sindano ni mwili kuitikia. Lakini likiendelea, mpeleke akapimwe, kwani mbu hawakungoja.

"Imeharakishwa, tunajaribiwa sisi." Kazi ilianza 1987, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Mimi ningelalamikia kuchelewa.

Dhana ya kwamba mahindi mabichi huleta malaria sitaipigia kelele: mvua iliyoyastawisha ndiyo iliyozalisha mbu.

Ila dozi 3 hazitoshi, mama. Kenya ilianza na ratiba ya miezi 6, 7, 9 na 24. Kinga hushuka kadiri muda unavyokwenda, na dozi ya nne huipandisha tena. Kufikia hapo mtoto anakimbia uwanjani, hana dalili ya ugonjwa, na kitabu cha kliniki hakuna akumbukaye kilikowekwa.