Mlinganyo ni nini, na kwa nini alama hugeuka

Mlinganyo ni sentensi ya hesabu inayosema kwamba kiasi kilichoandikwa kushoto mwa alama ya = ndicho kile kile kilichoandikwa kulia. Alama hiyo haina maana ya "jibu linafuata". Nalisisitiza hili kwa sababu kwenye madaftari ya skuli mara nyingi utakuta mstari kama huu:

5 × 4 = 20 − 3 = 17

Mwanafunzi amefikiri vizuri na 17 yake ni sahihi, lakini alichoandika kinasema 5 × 4 ni sawa na 17. Akishazoea hivyo, siku atakayokutana na x atapata tabu kweli.

Tuchukue msimu wa karafuu Pemba. Bibi mmoja amechuma siku 3, kila siku idadi ile ile ya pishi. Jirani aliyemsaidia kuchambua amempa pishi 4, zikabaki 23. Kwa siku alichuma pishi ngapi? Hatujui, basi tuiite x. Alizochuma zote ni 3x. Ukitoa za jirani, 3x − 4. Lakini zilizobaki tumeshaambiwa ni 23. Karafuu ni zile zile, tumezitaja mara mbili:

3x − 4 = 23

Sasa mrudishie pishi zake 4. Kwa hesabu ya kushoto karafuu zimekuwa 3x, kwa hesabu ya kulia zimekuwa 27. Basi 3x = 27, na ukigawa kwa siku 3, x = 9.

Ule usemi wa darasani, "ikivuka, alama inageuka", umetoka hapa. Hakuna namba iliyovuka. Tumeongeza 4 pande zote mbili: kushoto ikafutana na −4, kulia ikaonekana kama +4. Kwa anayejua ulikotoka, usemi huo unamfupishia kazi. Asiyejua huutumia pasipo pake: akiona 3x = 27 anaandika x = 27 − 3, eti 3 imevuka. Pale 3 imeizidisha x, kwa hiyo kinachoiondoa ni kugawa. Na ukitaka kugawa mapema, 3x − 4 ikiwa bado nzima, hata ile 4 lazima igawiwe kwa 3. Ndiyo maana ni nafuu kuimaliza kwanza.

X ikiwa pande zote mbili, kazi ni ile ile. Katika 5x − 4 = 2x + 11, toa 2x huku na huku: 3x − 4 = 11. Ongeza 4: 3x = 15. Basi x = 5. Irudishe ulikoanzia: kushoto 25 − 4 ni 21, kulia 10 + 11 ni 21. Mwanafunzi asiyefanya uhakiki huu anaacha maksi za bure mezani.

Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, alizieleza hatua hizi kwa maneno matupu, bila x wala =. Alama ya = aliileta Robert Recorde wa Wales mwaka 1557; alichora mistari miwili sambamba kwa kuwa aliona hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko hivyo.

Jometri nayo huishia hapa hapa. Pembetatu ina pembe za x, 2x na x + 20. Pembe za ndani hujumlika nyuzi 180, kwa hiyo 4x + 20 = 180. Toa 20: 4x = 160. Gawa kwa 4: x = 40. Pembe ni nyuzi 40, 80 na 60; zijumlishe uone.